Sindano ya botulinamu au njia nyingine? Ulinganisho kwa wagonjwa wa Malindi na Lamu

Watu wengi hapa Pwani wanaijua sindano hii kwa jina la Botox, ambalo ni chapa moja tu kati ya kadhaa, na wanaijua kwa jambo moja tu: kunyoosha uso. Lakini uso ulikuja baadaye. Marekani iliiruhusu kwanza mwaka 1989, kwa kengeza na kwa kope zinazojifunga zenyewe. Makunyanzi yalifuata mwaka 2002. Leo hutumika kwa jasho la kupita kiasi, kipandauso sugu, mkono uliokaza baada ya kiharusi, mtoto anayetembelea ncha za vidole, shingo iliyopinda na kibofu kisichotulia. Kila tatizo hapo lina njia nyingine pia, na mara nyingi njia hiyo ni rahisi zaidi na ipo karibu zaidi na nyumbani.

Dawa hii ni sumu ileile ya bakteria wa Clostridium botulinum, ile inayoua kupitia chakula cha mkebe kilichoharibika, ila imesafishwa na kupimwa kwa kiasi kidogo mno. (Bakteria huyo ndiye sababu ya mtoto ambaye hajatimiza mwaka kutolambishwa asali: mbegu zake zinaweza kumea tumboni mwa mtoto. Kwa tahniki, tende inatosha.) Ikidungwa, huingia kwenye ncha ya neva na kukata protini ambayo neva huihitaji ili kutoa asetilkolini, kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Msuli unabaki mzima, ila amri haiufikii. Neva hujijenga upya, na baada ya miezi mitatu au minne amri inarudi. Tezi za jasho za kwapa nazo huamriwa na kemikali hiyohiyo, ndiyo maana nazo hunyamaza.

Ukilielewa hilo, nusu ya uamuzi umeshaufanya. Sindano hii hupunguza, haiongezi: haimpi nguvu aliyepooza. Hufanya kazi pale ilipodungwa, kwa hiyo inafaa tatizo lililo mahali pamoja kuliko lililoenea mwili mzima. Na haidumu, kwa hiyo anayeianza ajue atarudi. Kwa mtu wa Malindi mjini kurudi ni jambo la barabara. Kwa mtu wa Faza au Kizingitini ni mashua kwanza, barabara baadaye, na wakati wa kusi bahari haina ahadi.

Jasho la kwapa na la viganja

Kutokwa na jasho Malindi mwezi wa Machi si ugonjwa. Ugonjwa ni kwapa linalolowesha kanzu hata ukiwa umetulia chini ya feni, pande zote mbili sawasawa, kwa miezi sita au zaidi, na ambalo hukauka ukilala. Jasho la usiku linalolowesha shuka, likiandamana na kukonda, homa au moyo kwenda mbio, ni habari nyingine kabisa: kifua kikuu, tezi ya shingo na sukari vipimwe kabla ya mtu yeyote kushika sindano.

Njia ya kwanza ni dawa ya kupaka yenye alumini kloridi asilimia 20. Wengi huiacha baada ya siku tatu wakilalamika kuwa inachoma, na karibu kila mara kosa ni lilelile: wameipaka kwenye kwapa lenye unyevu. Dawa hii ikikutana na maji hutengeneza asidi. Kwa hiyo ipakwe usiku wa kulala, kwapa likiwa limekaushwa kwa taulo kisha likapigwa na feni dakika kadhaa. Asubuhi ioshwe. Usiipake ndani ya siku mbili baada ya kunyoa. Ipake kila usiku mpaka jasho lipungue, kisha mara moja au mbili kwa juma. Ipe mwezi mzima kabla ya kuihukumu.

Njia ya vidonge, kama oksibutinini, hukausha mwili mzima: mdomo, macho, tumbo, na jasho lote. Katika nchi za baridi huenda likawa chaguo la pili. Kwa hali ya hewa yetu sisi tunalishusha hadi la mwisho, hasa kwa nahodha, fundi wa mawe ya matumbawe au mkulima anayeshinda juani, kwa sababu jasho ndilo linaloupoza mwili. Mtu aliyekaushwa na vidonge anaweza kuzidiwa na joto huku ngozi yake ikiwa kavu, na wenzake wasishtuke mapema.

Sindano huja kati ya hizo mbili. Daktari hupaka ayodini kwenye kwapa kavu, huiacha ikauke, hunyunyizia unga wa wanga, kisha husubiri dakika chache. Palipo na jasho unga hugeuka buluu iliyokoza, karibu na nyeusi, na yeye huchora mpaka wake kwa kalamu. Mwenye mzio wa ayodini aseme kabla. Ndani ya mpaka huo hudunga sehemu 10 hadi 15, zikiachana sentimita moja hadi mbili, kwenye ngozi yenyewe na si chini yake, mpaka kivimbe kidogo kama cha kuumwa na mbu kionekane. Kila kwapa hupata yuniti 50 za Botox. Asipitishe sindano juu ya wino wa kalamu, maana wino unaweza kubaki ngozini. Matokeo huonekana ndani ya juma moja au mawili na kwa kwapa hudumu kuliko kwa msuli: miezi sita au saba kwa wengi. Kwapa likionekana limekauka upande mmoja na upande wa pili ukavuja, kwa kawaida mpaka wa jasho haukuchorwa vizuri. Dawa yenyewe haina kosa.

Viganja ni tofauti. Sindano za kiganjani zinauma sana, na dawa ikizama chini ya ngozi hulegeza misuli midogo ya kidole gumba. Mpiga hina, fundi wa kuchonga milango au mvuvi wa mshipi hawezi kupoteza mbano wa vidole kwa miezi miwili. Kwa hao tunaanza na mashine ya umeme mdogo: viganja ndani ya beseni mbili za maji ya kawaida, mkondo wa miliampia 15 hadi 20, dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa juma mpaka vikauke, kisha mara moja kwa juma. Haifai kwa mjamzito, wala kwa mwenye kifaa cha kuendesha moyo.

Kipandauso

Hapa kuna namba moja inayoamua kila kitu: siku 15. Sindano imethibitika kusaidia kipandauso sugu, maana yake kichwa kinauma siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na siku nane kati ya hizo zina sura ya kipandauso chenyewe (upande mmoja kupwita, kichefuchefu, kukimbia mwanga). Anayeumwa siku sita kwa mwezi, hata zikiwa za kumlaza kitandani, hana faida iliyothibitishwa kwenye sindano hii. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni daftari. Andika kila siku ya maumivu na kila kidonge ulichomeza.

Daftari hilo hufichua jambo la pili. Anayemeza dawa rahisi za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko siku 10 au zaidi, mara nyingi kichwa chake kinauma kwa sababu ya dawa zenyewe. Dawa za dukani hupatikana kila kona ya Malindi, na tatizo hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Akiziacha, majuma ya kwanza huwa mabaya, kisha wengi hupata nafuu bila sindano yoyote.

Baada ya hapo huja vidonge vya kuzuia. Propranololi ni nafuu na inafaa mwenye presha, ila si mwenye pumu. Amitriptilini huanza na miligramu 10 usiku na kupandishwa polepole. Humfaa asiyelala vizuri, lakini hukausha mdomo na huongeza uzito. Topirameti hupunguza uzito, hutia ganzi vidoleni, huweza kuleta mawe ya figo, na haifai kwa mwanamke anayeweza kushika mimba bila kuzungumza na daktari wake kwanza. Nayo pia inaweza kupunguza jasho, kwa hiyo neno letu la juani linarudi hapa.

Vikishindikana vidonge vya aina mbili au tatu, vikiwa vimepewa muda na dozi ya kutosha, ndipo sindano inapostahili. Ratiba yake haibuniwi: yuniti 155 za Botox, sehemu 31, yuniti tano kila sehemu, kwenye paji, kati ya nyusi, vichwani pembeni, kisogoni, shingoni na mabegani, kila baada ya majuma 12. Ukidungwa sehemu sita za paji na kuambiwa hiyo ndiyo tiba ya kipandauso, umedungwa makunyanzi. Mabadiliko yapimwe kwa daftari baada ya awamu mbili. Kama siku za maumivu hazijapungua hata kwa theluthi, hakuna sababu ya kuendelea kulipa. Shingo kulegea na kuuma ndiyo madhara yanayosumbua zaidi, hasa kwa mwembamba mwenye shingo ndefu.

Mkono uliokaza baada ya kiharusi, na mguu wa mtoto

Hapa ndipo sindano inapofanya kazi yake ya heshima, na ndipo inapopotezwa bure zaidi.

Anza na jaribio la mkono. Mlaze mgonjwa, mtulize, kisha fungua kiwiko au vidole vyake polepole sana. Vikifunguka mpaka mwisho, japo kwa kusitasita, kinachovuta ni amri ya neva, na sindano inaweza kuilegeza. Vikigota kabisa mahali pamoja, hata mgonjwa akiwa usingizini, msuli na kano zimefupika. Hapo sumu haina cha kulegeza. Inayobaki ni kunyoosha kwa kifaa, plasta ya awamu, au upasuaji. Wagonjwa wanaocheleweshwa mwaka au miaka miwili mara nyingi wamo katika kundi hili la pili.

Vidonge vya baklofeni, vinavyoanzwa kwa miligramu tano mara tatu kwa siku, hufaa pale mwili mzima unapokaza: miguu yote miwili, mgongo, mtu wa jeraha la uti wa mgongo. Kasoro yake ni kwamba hulegeza pia misuli inayomsimamisha, na huleta usingizi. Mzee aliyekuwa akijikongoja kwa fimbo kwenda msikitini anaweza kuanza kuanguka. Na visikatwe ghafla kwa sababu dawa imeisha dukani: kukatiza ghafla huweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa. Anayeishi visiwani awe na akiba ya majuma kadhaa, la sivyo asianzishiwe.

Sindano hufaa pale kinachosumbua ni ngumi iliyofumba, kiwiko kilichokunjwa au kifundo cha mguu kilichogeuka ndani. Kabla ya kudungwa, lengo liandikwe kwa maneno ya nyumbani: "kucha zisimkate kiganjani", "mkono uingie kwenye mkono wa kanzu", "binti yake aweze kumtawadhisha bila kulazimisha vidole". Lengo la "mkono urudi kama zamani" litamvunja moyo kila mtu, maana nguvu iliyoondoka na kiharusi hairudishwi na kulegeza.

Misuli ya mkono wa mbele imebanana, na mmoja unaofunga kidole cha kati umekaa karibu sana na unaofunga cha pete. Mdungaji anayebahatisha kwa macho hukosa mara nyingi. Uliza kama anatumia picha ya sauti (ultrasound) au kifaa cha kusisimua msuli kwa umeme. Kwa mtu mzima, jumla ya Botox kwa matibabu yote ndani ya miezi mitatu haizidi yuniti 400. Anayedungwa mkono hapa na uso kule bila kuwaambia wadungaji wote wawili anajijazia hesabu bila kujua.

Halafu kazi yenyewe huanza. Siku ya tatu hadi ya saba msuli huanza kulegea. Juma la pili hadi la sita ndio wakati wa dhahabu. Kila siku vidole vinyooshwe taratibu na kushikiliwa, kisha mkono ulale kwenye kibao cha kuunyoosha. Mgonjwa aliyedungwa akarudi Pate bila kibao na bila mtu aliyefundishwa kumnyoosha, amelipia miezi mitatu ya mkono laini ambao mwisho wake utakuwa palepale. Kama ni lazima uchague kati ya sindano bila mnyooshaji viungo na mnyooshaji viungo bila sindano, chagua wa pili.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayetembelea vidole, mambo matatu hushindana. Plasta za awamu: mguu hufungwa plasta, ukibadilishwa kila juma kwa majuma matatu hadi sita, kifundo kikipandishwa kidogo kila mara. Ni nafuu na inafanya kazi, lakini inadai safari ya kila juma, na plasta haipendi maji ya mashua wala jasho la kaskazi. Sindano kwenye misuli ya shavu la mguu hudai safari chache, ila dozi hupimwa kwa kilo za mtoto: kwa mguu, yuniti nne hadi nane za Botox kwa kila kilo, na haizidi yuniti nane kwa kilo au 300 kwa jumla, lolote litakalotangulia. Tatu ni upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino, unaoachwa mpaka mtoto awe mkubwa kidogo, maana kano ikirefushwa mapema inaweza kufupika tena au kulegea kupita kiasi. Mara nyingi sindano na plasta huenda pamoja: sindano kwanza, plasta baada ya majuma mawili au matatu.

Mtoto asiyeweza kukaa, anayepaliwa akila au mwenye kifua cha mara kwa mara ndiye aliye katika hatari kubwa ya sumu kusambaa. Huyo asidungwe mahali pasipo na hewa ya oksijeni na mtu wa kumhudumia pumzi.

Mguu wa kupinda tangu kuzaliwa, wa mtoto mwenye afya, si jambo la sindano hii kabisa. Huo ni wa plasta za Ponseti, yaani njia ya kuunyoosha mguu kwa plasta za awamu, na uanze mapema, katika majuma ya kwanza ya maisha.

Kope, shingo, kibofu

Kwa kope zinazojifunga zenyewe, nusu ya uso inayorukaruka, na shingo inayojipinda, hakuna mashindano marefu. Vidonge husaidia kidogo na huchosha sana. Sindano ndiyo chaguo la kwanza. Kope hudungwa kidogo mno, yuniti 1.25 hadi 2.5 kila sehemu kwa kuanzia. Baadaye mtu hupepesa kidogo, na jicho hukauka, jambo ambalo upepo wa baharini na vumbi la mchanga huliongeza: miwani na machozi ya dukani viwe tayari. Kwa shingo, hatari ni kumeza. Msuli mkubwa wa upande wa mbele wa shingo ukidungwa dozi kubwa pande zote mbili, dawa husambaa hadi kooni, na mgonjwa anaanza kupaliwa juma la kwanza au la pili.

Kibofu kinachokurupuka huanza na mazoezi ya kuchelewesha haja, kupunguza chai na kahawa, kisha vidonge. Sindano ni ya hatua ya tatu: yuniti 100 ndani ya kibofu kupitia mrija wa kuangalia, sehemu 20. Sharti lake ni moja na halijadiliwi: awe tayari kujitoa mkojo kwa mrija ikibidi, kwa sababu takriban watu sita kati ya 100 kibofu chao hulegea mno na kushindwa kujimwaga. Asiyekubali mrija asikubali sindano.

Uso

Kwa mstari wa kati ya nyusi unaoonekana ukikunja uso na kupotea ukitulia, sindano hufanya kazi vizuri: yuniti 20 za Botox, sehemu tano. Mstari uliochimbika na unaobaki hata usingizini hautaondoka wote. Sindano ya kujaza hufanya kazi nyingine, kuinua palipoporomoka, na hatari yake ni ya namna nyingine kabisa: ikiingia kwenye mshipa wa damu inaweza kuua ngozi au jicho, papo hapo. Ya kulegeza ikikosea, kosa huisha lenyewe kwa majuma. Kwa bajeti ndogo, krimu ya kukinga jua kila asubuhi na tretinoini usiku (isiwe kwa mjamzito) hufanya polepole kile ambacho sindano haikifanyi, yaani kutengeneza ngozi yenyewe. Krimu zinazouzwa kwa madai ya "Botox ya kupaka" hazifanyi kazi hiyo. Sumu hii haipenyi ngozi nzima kutoka kwenye mkebe wa krimu.

Bi harusi asidungwe juma la harusi. Dawa huchukua siku tatu hadi saba kuanza na siku 14 kutimia, na marekebisho hufanywa baada ya hapo. Majuma manne kabla ndio wakati wake. Siku ya sindano singo isiguse uso, wala masaji ya kichwa.

Kope kuanguka hutokea pale sindano inapokaa chini sana. Mdungaji apande angalau sentimita moja juu ya mfupa wa nyusi. Akishuka, dawa hupenya hadi kwenye msuli unaoinua kope. Matone ya apraklonidini huinua kope kidogo kwa kuamsha msuli mwingine mdogo, lakini tiba ya kweli ni kusubiri majuma machache.

Kichupa gani, na kimefikaje

Yuniti za kampuni moja si yuniti za nyingine. Kila kampuni hupima kwa njia yake, na hakuna kanuni ya kubadilisha inayokubalika kote. Hili ndilo kosa la hesabu la hatari zaidi katika tiba hii.

| | Botox | Dysport | Xeomin |
|---|---|---|---|
| Kati ya nyusi | yuniti 20 | yuniti 50 | yuniti 20 |
| Kichupa kisichofunguliwa | nyuzi 2 hadi 8 | nyuzi 2 hadi 8 | friji, au chumba kisichozidi nyuzi 25 |
| Angalizo | albumini ya damu ya binadamu | albumini, na huweza kuwa na protini ya maziwa ya ng'ombe | albumini. Haina protini za ziada za bakteria |

"Chumba kisichozidi nyuzi 25" si chumba cha Malindi wakati wa kaskazi. Kwa hiyo ule ubora wa Xeomin unaotajwa sana kwetu ni mdogo kuliko unavyosikika: bado inataka friji, ila inavumilia zaidi umeme ukikatika usiku mmoja. Kichupa kinachovuka kutoka Mokowe kiwe kwenye kasha la barafu lenye kipimajoto, si kwenye mfuko wa plastiki uliofungiwa chupa ya maji baridi. Mwenye mzio wa protini ya maziwa aachane na Dysport. Hizo tatu ni aina A ya sumu. Ipo pia aina B, iliyo tayari kwa maji. Huuma zaidi na hukausha mdomo, na hubakizwa kwa ambao aina A imeacha kuwafanyia kazi.

Kaa uangalie kichupa kikifunguliwa. Kichupa cha Botox huonekana kama kitupu. Dawa ni utando mwembamba sana chini. Sindano yenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yasiyo na kihifadhi ikichomwa kwenye kizibo, kichupa chenyewe kinapaswa kuyavuta maji. Kisipovuta, ombwe limevuja, na kichupa hicho hutupwa. Huchanganywa kwa kuzungushwa taratibu. Maji yawe maangavu kabisa, na yatumike ndani ya saa 24 yakiwa kwenye friji.

Uliza yuniti, usiulize mililita. Yuniti 100 katika mililita 2.5 hutoa yuniti nne kwa kila sehemu ya kumi ya mililita. Zikiwekwa katika mililita tano, sirinji ileile imebeba nusu. Bei ya chini inayotangazwa "kwa bomba" huenda ni maji tu uliyouziwa.

Piga picha ya kisanduku, jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Dawa iwe imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na daktari awe na leseni ya mwaka huu ya baraza la madaktari, KMPDC. Saluni na nyumba ya kupanga si mahali pake. Mwaka 2024 Marekani iliona watu wakiugua baada ya kudungwa bidhaa bandia au na wasio na leseni, na mwaka 2023 makumi ya wagonjwa waliugua botulizimu baada ya kudungwa sumu hii tumboni nchini Uturuki ili wapungue uzito, tiba ambayo haijaidhinishwa.

Nani asidungwe, na dalili za kukimbia nazo

Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri. Mwenye ugonjwa wa misuli kuchoka haraka, kama miastenia, au wa neva za misuli kufa, asidungwe ila na bingwa anayemjua. Penye jipu au upele wenye usaha pasichomwe. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme. Aliyedungwa chini ya majuma 12 yaliyopita asirudie, maana mwili unaweza kutengeneza kinga na dawa ikaacha kufanya kazi kabisa.

Ndani ya saa chache hadi majuma kadhaa baada ya sindano, dalili hizi hazingojwi mpaka asubuhi: kumeza kwa shida, sauti kubadilika, kuona vitu viwili, kope zote mbili kulegea, mwili mzima kukosa nguvu, pumzi fupi. Mgonjwa akae wima, asipewe chakula wala maji, na apelekwe hospitali yenye mashine ya kupumulia, hata kama ni kupita ile iliyo karibu; aliye kisiwani asingoje mashua ya abiria. Kizuia sumu kipo, lakini hakiwekwi kwenye kila duka la dawa, na hukamata tu sumu ambayo bado inaelea katika damu. Iliyokwisha kuingia kwenye neva haitoki. Kwa hiyo saa zina thamani. Mwambie daktari wa zamu jina la dawa, yuniti ngapi na siku gani, umwonyeshe ile picha ya kisanduku, na umwambie mapema asitumie gentamaisini, kwa sababu antibayotiki hiyo ya kawaida katika wodi zetu huongeza udhaifu uleule.